Boti ya Tumbo la V au Katamarani: Pima Kwanza Inavyoanguka

Mtu akitaka kununua boti ya mbio za baharini, swali lake la kwanza huwa ni kasi. Jibu lake ni fupi: kwa injini zilezile, katamarani, yaani boti ya bodi mbili zilizounganishwa, huiacha boti ya tumbo la V, yenye bodi moja iliyochongoka chini, hasa bahari ikiwa shwari. Ila jibu hilo halimtoshi mtu anayetoa fedha zake. Boti za mbio huanguka. Huchomeka kwenye wimbi, hupinduka, hugeuka ghafla zikatazama zilikotoka, na umakini wa dereva hupunguza hatari hiyo bila kuimaliza. Kwa hiyo mimi nazilinganisha kwa mambo matatu: zinavyoanguka, watu wanavyotoka humo, na bili inayokuja baada ya hapo.

Tuanze na hesabu moja. Boti ya tani 5 inayokwenda mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa, ina nishati ileile ambayo ingefika nayo chini kama ingeangushwa kutoka urefu wa mita 183. Kasi ikiongezeka mara 2, nishati inaongezeka mara 4. Umbo la boti, malighafi yake na chumba cha dereva ndivyo vinavyoamua nishati hiyo itaishia wapi: kiasi gani kimezwe na maji, kiasi gani na bodi, na kiasi gani kimfikie mtu.

Tumbo la V

Boti ya V tunayoijua leo imetokana na kazi ya mbunifu Mmarekani C. Raymond Hunt. Mwaka 1960 Richard Bertram alishinda mbio za Miami hadi Nassau akiwa na Moppie, boti yenye tumbo la Hunt, kwa takriban saa 8 katika bahari iliyochafuka vibaya. Boti nyingi za kabla yake zilikuwa na V mbele, kisha tumbo likalazwa bapa kuelekea nyuma. Zikiruka wimbi zilitua kwa kishindo cha kuvunja migongo. Hunt aliuendeleza mwinamo, wa digrii 24 hivi, hadi mwisho wa boti. Ikitua, inapasua maji na kuingia hatua kwa hatua, na kishindo kinagawanyika katika muda mrefu zaidi.

Ninachokipenda katika V ni kwamba inasema kabla ya kutenda. Ikikaribia mwisho wa uwezo wake huanza kuyumba kulia na kushoto, kwanza taratibu, kisha kwa mapigo yanayokua. Dereva anayeisikiliza anapunguza mafuta kidogo, anarekebisha mkao wa injini na vibao vya nyuma, na mambo yanatulia. Anayelazimisha, yumbo hilo humtupa ubavuni.

Ajali ya pili ya V ni kuchomeka. Boti inaruka wimbi, inatua pua chini, pua inaingia kwenye wimbi linalofuata na boti inasimama ghafla huku watu wakiendelea na safari. Sitaha ya mbele hupasuka, kioo hung'oka, maji hujaa ndani. Mara nyingi chanzo ni mkao mbaya: uzito umekaa mbele mno, au mwenye kushika mafuta, yaani mtu wa pili anayesimamia nguvu ya injini huku dereva akishika usukani, ameyakata wakati boti bado iko hewani.

Ya tatu ndiyo inayowapata hata wazoefu: mkia kuachia. Boti nyingi za V za sasa zina vidato tumboni, yaani ngazi ndogo zinazokata tumbo kwa mapana ili hewa iingie chini na kupunguza eneo linaloshikwa na maji. Kwenye mstari mnyoofu vidato ni neema, vinaongeza kasi bila kuongeza injini. Kwenye kona kali hewa hiyohiyo inaweza kuinyima sehemu ya nyuma mshiko wake, mkia ukachapa kwa nje, na boti ikageuka au kubiringika kabla dereva hajarudisha usukani. Kwa hiyo ukilinganisha boti mbili za V, moja ina vidato na nyingine haina, fahamu kwamba unalinganisha pia madereva wa viwango viwili. Ya vidato inataka mtu aliyefundishwa kupunguza kasi na kurekebisha mkao kabla ya kuingia kona, kamwe si katikati ya kona.

Na V si ngao. Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, boti ya Colibri iliyojengwa kwa nyuzi za kaboni ilikutana na mawimbi yaliyoachwa na meli ya mafuta, ikaruka na kupinduka. Didier Pironi, aliyewahi kuwa dereva wa Formula 1, alikufa pamoja na wenzake Bernard Giroux na Jean-Claude Guénard. Wimbi la meli ni hatari ya peke yake kwa sababu halifuati mpangilio wa mawimbi ya siku hiyo. Dereva amekwisha kushika mdundo wa bahari, kisha linamjia pigo lisilo la mdundo ule.

Katamarani

Katamarani ina bodi mbili nyembamba na handaki la hewa katikati. Kasi ikipanda, hewa inasongamana ndani ya handaki hilo na kuibeba boti, hadi sehemu kubwa ya uzito wake inakaa juu ya hewa, na kinachogusa maji ni vipande vidogo vya nyuma ya bodi na propela. Ndiyo maana boti za daraja la juu kabisa, Class 1 inayosimamiwa na shirikisho la dunia la UIM, ni katamarani. Zina urefu wa mita 12 na zaidi, uzito wa tani 5 hivi, na zinapita kilomita 250 kwa saa.

Hewa inayobeba ndiyo inayopindua. Nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa kasi, sawa na nishati. Pua ikipanda kidogo kupita kiwango, hewa inapata tumbo kubwa zaidi la kusukuma, na kadiri inavyosukuma ndivyo pua inavyozidi kupanda. Kuanzia hapo dereva hana la kufanya. Boti inasimama wima kwa mkia wake, inajipindua kinyumenyume na kutua mgongo chini. Kutoka pua kuanza kuinuka hadi boti kuwa hewani ni muda mfupi kuliko wa mtu kutamka jina lake. Fizikia hiyo ndiyo iliyomuua Donald Campbell tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa la Coniston akiwa na Bluebird K7. Ile haikuwa katamarani wala zile hazikuwa mbio za baharini, lakini hewa ilifanya kazi ileile chini ya pua iliyoinuka.

Mfano unaolinganisha aina hizi mbili kwa uchungu kuliko wote ni wa Aprili 2014, huko Bath, North Carolina. Kampuni ya Outerlimits ya Mike Fiore ilipeleka boti zake kwenye majaribio ya rekodi. Ya tumbo la V ilipita maili 180 kwa saa, karibu kilomita 290, ikaandika rekodi ya boti za aina yake. Kisha Fiore mwenyewe aliingia kwenye katamarani ya kampuni hiyohiyo. Ikainuka na kupinduka, na siku chache baadaye akafariki. Mtu huyo alizijua boti zake kuliko yeyote kati yetu atakavyowahi kuijua yake.

Kwenye kona katamarani ina tabia njema. Haiegemei kama V, inapita imelala sawa kana kwamba iko kwenye reli, na madereva wengi huipenda kwa hilo. Shida inakuja pale bodi ya nje inapong'ata maji kuliko ya ndani. Boti hujikwaa na kubiringika kwa ubavu, na mbiringiko huo hauna onyo. Kwenye mawimbi mafupi yaliyosimama, katamarani ndogo pia huteseka: pua mbili zikichomeka kwa pamoja, mdomo wa handaki unachota maji na boti inasimama papo hapo.

Oktoba 1990, nje ya Monako, Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia aliyekuwa akitetea taji lake, alikufa katamarani yake ilipogonga wimbi na kupinduka. Mwenzake, Patrice Innocenti, alipona. Baada ya hapo sheria za usalama zilikazwa, na hapo ndipo ulinganisho huu unapoingia kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko umbo la tumbo.

Chumba kilicho wazi au kilichofungwa

Zamani imani ilikuwa kwamba heri kutupwa nje kuliko kunaswa ndani. Kwa boti za mwendo mdogo imani hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa kilomita 200 kwa saa, anayetupwa anakutana na maji magumu kama lami. Katika miaka ya 1980 timu zilianza kufunga vifuniko vya ndege za kivita za F-16 juu ya viti vya madereva, na mchezo ukabadilika. Mtu hufungwa kwa mikanda ndani ya kapsuli iliyojengwa ili ibaki nzima hata boti ikivunjika vipande. Ana chupa ya hewa karibu na mdomo, na katamarani za daraja la juu zina mlango wa dharura tumboni, kwa sababu boti iliyopinduka tumbo lake ndilo linalotazama juu.

Ushahidi wa hivi karibuni ni wa Aprili 2025 kwenye ziwa Havasu, Arizona. Katamarani ya timu ya Freedom One ilipaa ikiwa kwenye kasi ya takriban maili 200 kwa saa, ikajipindua hewani na kutua. Watu wake wote wawili walitoka hai. Mbele ya kasi hiyo, chumba cha wazi hakina cha kukuambia.

Kapsuli ina gharama zake, na nyingine si za fedha. Lazima ufanye mazoezi ya kuzamishwa kichwa chini ukiwa umefungwa mikanda, utafute hewa kwa kupapasa, ufungue mkanda na kutoka bila kuona kitu. Madaraja yenye vifuniko hayamruhusu mtu kushindana bila kufaulu jaribio hilo, na ni haki kabisa. Kapsuli pia inategemea waokoaji wanaofika haraka wakiwa na wazamiaji waliozoea kazi hiyo. Novemba 2011, katika mashindano ya dunia ya Key West, Florida, watu 3 walikufa ndani ya wiki moja, na walikuwa watu wa mbio, si wageni. Kabla hujajiandikisha popote, uliza wazamiaji wanakaa wapi wakati wa mbio na wanatumia njia gani kufika kwenye boti. Mwandaaji asiyekuwa na jibu la haraka, usimpe boti yako wala roho yako.

Msimamo wangu: chumba cha wazi ni cha madaraja madogo ya mwendo wa chini. Katamarani ya wazi kwa ajili ya mbio nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Bili

Tofauti kubwa ya kifedha kati ya aina hizi naieleza hivi: V inakudai kidogo kidogo, katamarani inakudai kwa mkupuo.

V huruka zaidi. Kila ikiruka propela hutoka majini, injini hupiga kelele bila mzigo, na ikitua propela inashikwa ghafla na maji. Aliyeshika mafuta asipoyakata kwa wakati, pigo hilo linapanda hadi kwenye shafti, gia na fremu ya nyuma. Kwa hiyo mwenye V hununua gia, viungo na boliti msimu mzima, na kila baada ya mbio chafu hukagua mataruma na kuta za ndani kama zimeachana na bodi. Ni gharama inayochosha, lakini inapangika.

Katamarani inayokwenda vizuri hudai kidogo kwenye mwili wake, kwa kuwa hewa inaubeba. Siku ikipinduka, inadai kila kitu kwa pamoja. Karibu zote zina injini mbili au zaidi, na zote hunywa maji kwa wakati mmoja. Sitaha, bawa, kifuniko na waya vinaondoka. Kibaya zaidi ni daraja linalounganisha bodi mbili: likijikunja hata kidogo, bodi hazitazami tena upande mmoja, na boti itavuta upande maisha yake yote mpaka ifungwe kwenye fremu ya kiwandani na kunyooshwa. Kazi hiyo haifanywi na fundi yeyote mwenye resini na brashi.

Injini ndiyo mstari mnene wa bili. Ikizama ikiwa imezimika, inaweza kuokolewa ukianza saa hiyohiyo: toa plagi, zungusha injini iteme maji, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha oili mara kadhaa hadi iache kuwa nyeupe kama maziwa, kisha iwashe siku ileile ipate moto wa kutosha kukausha ndani. Ukiiacha ilale hadi kesho, chumvi imeshakula beringi na kuta za silinda. Ikizama ikiwa inanguruma ni habari nyingine. Maji hayabanwi kama hewa; pistoni ikikutana nayo, koneki, yaani mkono unaoishika pistoni, hupinda au kutoboa bloku. Kompyuta za injini na waya zake nyingi huhesabiwa zimekwenda kwa vyovyote vile.

Hapa injini ya kupachika nyuma inaishinda ya ndani bila ubishi. Unafungua boliti, unainyanyua kwa winchi, unaweka nyingine, na wikiendi ijayo uko majini. Ya ndani inahitaji kuvua sitaha, kutoa gia, kukagua tundu la shafti, na kupanga upya injini na shafti vinyooke.

Kuna bili ambayo wengi huisahau: kuitoa boti majini. Boti iliyopinduka ikivutwa vibaya huharibika kuliko ilivyoharibiwa na ajali yenyewe. Kamba ikifungwa mahali pasipostahili inang'oa kifuniko na bawa, na kuiburuta kichwa chini kunasukuma maji mahali ambapo hayakuwa yamefika. Chora alama za kufungia kamba juu ya bodi na tumboni, na mpe mwandaaji mchoro wake kabla ya mbio. Rangi ya alama hizo ndiyo matumizi yenye faida kubwa kuliko yote utakayoyafanya kwenye boti.

Kuhusu malighafi nitakuwa mfupi. Fiberglasi ni nzito zaidi, hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na mafundi wake ni wengi. Kaboni ni nyepesi na ngumu, ila ikishindwa hupasuka ghafla, na mara nyingi nje panaonekana mkwaruzo huku ndani tabaka zimeachana. Ukarabati wa vyote viwili hufanywa kwa kusaga ukingo wa jeraha uwe mteremko mrefu: kwa fiberglasi ni kama milimita 12 za mteremko kwa kila milimita 1 ya unene, na kwa kaboni ni zaidi. Bodi ya unene wa milimita 6 yenye tundu la ukubwa wa ngumi inahitaji kusagwa zaidi ya sentimita 7 kila upande. Ndiyo sababu tundu dogo linakuja na bili ya kiraka kikubwa.

Bima

Usidhani bima ya boti ya starehe itakufuata kwenye mbio. Masharti ya London ya Institute Yacht Clauses ya mwaka 1985, ambayo mikataba mingi imeyaiga, yana kifungu maalumu cha boti zinazozidi maili 17 za baharini kwa saa, na kinakataa madai ya boti iliyokuwa mbioni, kwenye majaribio ya kasi, au kwenye mazoezi yanayohusiana nayo. Zingatia hayo mazoezi: umeenda kujaribu propela mpya siku ya Ijumaa, boti imepinduka, hulipwi. Bima ya mbio ipo lakini ni ghali, na sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba mwenyewe. Timu nyingi hukata bima ya kuwalipa wengine watakaoumia tu, na boti huiwekea akiba yao. Kama huwezi kutenga fedha za injini nzima moja kabla ya msimu kuanza, shuka daraja moja.

Nani achukue ipi

Anayeanza achukue V, fupi, ya injini moja ya kupachika nyuma, katika daraja ambalo boti zote zinafanana. Mashindano ya P1 SuperStock na boti zake za futi 28 ni mfano mzuri wa fikra hiyo: hakuna anayeshinda kwa kununua kasi, vipuri ni vya aina moja, na ajali nyingi unaweza kuzitengeneza bila kuuza nyumba. Anayekimbia kwenye bahari ya mawimbi mafupi na makali abaki na V hata akiwa mzoefu, na akipanda aende kwenye V kubwa ya injini mbili yenye kapsuli.

Katamarani ni ya mtu ambaye ameshajua kusoma maji, ana mwenza wa kudumu wa kushika mafuta, amefaulu jaribio la kuzamishwa, na anaweza kuikosa boti yote kwa siku moja bila kuvunja maisha ya walio nyumbani kwake. Akishatimiza hayo, aichukue bila woga, na aanze na daraja la injini za kupachika nyuma.

Boti iliyotumika ni nafuu, na nyingi zimewahi kuanguka. Hilo peke yake halinikimbizi. Chukua sarafu, piga bodi taratibu kutoka mbele hadi nyuma, kila baada ya sentimita chache, ukisikiliza. Bodi nzima inajibu kwa sauti kavu na kali. Palipoachana tabaka, au palipo na povu la ndani lililokufa, sauti inakuwa butu. Zungushia kalamu kila mahali pa sauti butu hadi uone umbo la jeraha. Kwenye katamarani pima kwa uzi kutoka pua ya bodi moja hadi mkia wa nyingine, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Angalia rangi ya waya chini ya ganda lake, kijani ni kutu ya chumvi. Mwisho mwombe muuzaji picha za ukarabati zilizopigwa kabla ya rangi kupakwa. Fundi mzuri wa boti za mbio hupiga picha hizo kila mara. Kama hazipo, mpe muuzaji bei ya injini na trela, bodi uihesabu sifuri.